Skrubu ya Pili

Siku Mithika alipokosa kurudi nyumbani, chakula chake kililala kwenye chungu hadi asubuhi. Ilikuwa Jumanne. Jumatatu alikuwa ameondoka Kibirichia na lori la viazi kwenda Embu, akamwambia mkewe Kathambi kwamba kesho yake, kabla ya kafyu, atakuwa amefika. Kafyu iliingia. Kathambi hakuweka gogo la kufungia mlango. Aliegemeza ufagio tu, ili asichelewe kufungua, kisha akakaa na binti yao Cicily wakisikiliza barabara. Mwaka ule wa hamsini na nne, katikati ya Hali ya Hatari, barabara ya Kibirichia baada ya kafyu haikuwa na sauti yoyote ila ya magari ya serikali.

Gari la serikali ndilo lililokuja, Jumatano asubuhi.

Ndani yake alikuwamo Inspekta, Mzungu mwenye uso uliochomwa na jua, askari wenye bunduki, na Koplo Kithaka wa upelelezi, aliyevaa koti la raia. Kithaka alikuwa mtu wa Mbeere, kule chini Embu. Kimeru alikisikia vizuri lakini alikizungumza vibaya, kwa hiyo kazini alitumia Kiswahili.

Askari walimwaga unga chini, wakapasua godoro la majani. Hawakupata kitu. Inspekta alisimama mlangoni, akamwambia Kathambi kwa Kiswahili chake cha mashambani:

"Bwana yako iko msituni. Napeleka viazi kwa magaidi, halafu nabaki huko. Nyumba hii Ijumaa navunja. Shamba nachukua serikali."

"Mithika hana mtu msituni," Kathambi alisema. Alikuwa ameshika mkono wa Cicily kwa nguvu mpaka mtoto akajivuta.

"Lori iko barabarani, karibu na mto wa Thuci. Gurudumu iko chini. Dereva hakuna. Magunia hakuna. Sasa nasema nini?"

Inspekta alirudi garini. Kithaka alibaki nyuma, akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu.

"Mama Cicily, siku ya kuondoka alisema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu chochote."

"Alisema breki inavuta upande wa kushoto. Alisema gurudumu linapata moto kama sufuria. Alimwambia Billow, mwenye lori, na Billow akamwambia aende tu, atatengenezewa akirudi."

"Alikuwa na hasira?"

"Na hiyo breki, ndiyo. Alikunywa uji akiitukana."

Kithaka alisimama. "Panga lake liko hapa?"

"Hubeba. Huliweka chini ya kiti."

Honi ya gari ililia. Kathambi alimfuata Kithaka hadi kwenye ua. "Afande, wakivunja nyumba, akirudi atarudi wapi?"

Kithaka aliangalia paa, kisha lile gari, akapiga hatua ndefu kuelekea barabarani.

*

Inspekta alimpa Kithaka siku ya Alhamisi tu kuchunguza. "Napata kitu, naambia mimi, mimi iko Chuka. Kama hakuna, Ijumaa asubuhi watu yangu naanza na paa."

Kithaka alifika kwenye lile lori wakati wa adhuhuri, akiwa kwenye pikapu ya Billow. Billow alikuwa msafirishaji Msomali wa Majengo, mjini Meru, mtu mwembamba mwenye ndevu zilizotiwa hina. Njia nzima kutoka Meru alikuwa akizungumza, na kila walipovuka mto alianza upya.

"Mithika ni mtu wa dini yake, mimi wa yangu, lakini wallahi sijawahi kukosa hata kiazi kimoja. Tanboi wake, yule wa kumsaidia garini, hakuwa na pasi ya kuvuka wilaya, akaachwa Meru. Kama tanboi angekuwapo, haya yote hayangekuwapo."

"Breki je?"

Billow alipunguza mwendo. "Breki nilijua," alisema.

Lori lilikuwa limesimama kwenye kona iliyo juu ya mto, pua yake ikielekea Embu. Mkono wa kulia, msitu wa mlima ulishuka karibu sana na barabara. Mkono wa kushoto kulikuwa na mashamba ya mtama na migomba, yakiteremka hadi kambi ya hom gadi, wanamgambo wa serikali, na zaidi ya kambi, moshi mwembamba. Askari mmoja aliyewekwa kulinda alikuwa amelala chini ya bodi. Kithaka alimwamsha kwa kugonga bati.

"Nani alipita hapa?"

"Hakuna, Koplo."

"Na wewe ulikuwa macho?"

"Macho kabisa, Koplo."

"Kuna majani kwenye shavu lako."

Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limetolewa, limelazwa kwenye nyasi. Chini ya ekseli kulikuwa na jeki, na kando yake gogo limewekwa ili lori lisishuke jeki ikiteleza. Kithaka alichutama. Nati za gurudumu zilikuwa juu ya jiwe bapa, zimepangwa duara kama zilivyokaa kwenye gurudumu. Katikati ya duara ilikaa skrubu moja nene yenye kichwa bapa.

"Dramu ya breki hushikwa na skrubu mbili," alisema.

"Ndiyo. Hii ni moja," Billow alisema.

"Ya pili bado iko mahali pake."

Vitani, huko Bama, yaani Burma, Kithaka alikuwa fundi wa karakana ya jeshi kabla ya kuwa polisi. Alikuwa amelala chini ya malori mengi katika mvua isiyokatika, na skrubu zilizokwama zilikuwa zimemchubua mikono yote miwili. Alipiga magoti, akaangalia skrubu ya pili bila kuigusa.

Ilikuwa imeng'ang'ania dramu kama kupe. Kichwa chake kilikuwa kimeliwa: ule mkato wa kuingizia bisibisi ulikuwa umepanuka na kingo zake zimelala. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, na chini yake, kwenye udongo, chupa ya mafuta hayo iliyobaki nusu. Pembeni ya kichwa kulikuwa na alama za nyundo, zimepigwa taratibu, kuzunguka. Chuma kilikuwa na masizi, na chini yake palikuwa na majivu ya moto mdogo wa vijiti.

"Alianza kwa mafuta ya taa," Kithaka alisema. "Akangoja yaingie. Akapiga nyundo kuishtua. Ikakataa. Akawasha moto kuitanua, akajaribu tena. Tazama, hapa hata alijaribu kuikaza kidogo kwanza ndipo aifungue. Huyu alijua kazi."

"Kwa hiyo?"

"Inspekta anasema alisimama hapa kwa ahadi na watu wa msituni, akatoa gurudumu ili apate sababu ya kusimama. Ukitaka sababu unatoa gurudumu, basi. Huchezi na skrubu mpaka mikono inachubuka." Alionyesha tone jeusi kwenye ukingo wa dramu. "Hii ni damu ya vidole. Alitaka lori liende Embu."

Alichukua msumari kutoka mfukoni, akaugusisha kwenye mkato. Kitu kiling'aa ndani. Kilikuwa kipande cha chuma chembamba, kimekwama kama mfupa kooni.

"Ncha ya bisibisi," Billow alisema. "Imekatika."

"Na bisibisi yenyewe iko wapi?"

Walitafuta. Kwenye sanduku la vyombo kulikuwa na nyundo, spana na koleo. Chini ya kiti kulikuwa na panga, limenolewa, limefungwa kwa gunia. Bisibisi haikuwapo.

"Mtu anayekimbilia msituni anaacha panga, anabeba bisibisi iliyovunjika?" Kithaka aliuliza.

Billow alikuna ndevu. "Lakini magunia yameenda, Afande. Na kule juu walikuta viazi vimedondoka njiani. Inspekta mwenyewe alinionyesha."

Kithaka alipanda ile njia ya kwenda msituni. Viazi vilikuwapo kweli, kimoja hapa, kingine pale, mpaka kichaka cha kwanza. Baada ya kichaka, mahali ambapo mtu aliye barabarani hawezi kuona, viliisha. Nyasi za mbele zilikuwa zimesimama wima, zina maji ya mvua. Wabeba magunia mazito hawapiti kwenye nyasi zikabaki zimesimama.

Alirudi akiwa amelowa hadi magotini. "Vimewekwa," alisema. "Magunia hayakupanda huku."

*

Mama aliyeuza uji kwenye kona, Igoki, alikuwa amefunika chungu chake kwa jani la mgomba na kuwapa mgongo tangu walipofika.

"Mama, hujambo."

"Uji umeisha."

"Sitaki uji."

"Viatu vyako ni vya serikali. Serikali haijawahi kusimama hapa ikitaka uji."

Kithaka alikaa chini, kwenye nyasi, mbele yake. Hakuuliza kitu. Igoki alifunua chungu, akakoroga uji uliokuwa umeisha, akamtilia kibuyu.

"Ni wewe mwenye kuuliza, na hutaki kuuliza."

"Nataka kujua dereva alikuuliza nini."

"Nani alikwambia aliniuliza?"

"Bisibisi yake ilivunjika. Yeye ni wa Kibirichia, huku ni mgeni. Hapa barabarani hakuna mtu mwingine."

Igoki aliangalia upande wa kambi ya hom gadi, kisha akashusha sauti. "Aliniuliza mhunzi yuko wapi. Nikamwonyesha moshi. Akafinyanga udongo mkononi, akaukandamiza pale kwenye gari, akaubeba kama yai. Nikamcheka. Akacheka pia." Alifunika chungu. "Alishuka mchana, mvua haijaanza. Kupanda sikumwona. Sasa ondoka, watasema nimekaa na wewe sana."

*

Njia ya kwenda kwa mhunzi ilipita kando ya handaki la kambi ya hom gadi, lililosimikwa vijiti vilivyochongwa. Walinzi juu ya ukuta wa udongo walimtazama Kithaka akishuka, naye hakuwatazama.

Njura mhunzi alikuwa mzee mwenye mabega mapana, na kibanda chake kilikuwa mbali na nyumba za watu wote. Huko watu waliwaogopa wahunzi. Laana ya mhunzi haikuwa na dawa, na mgeni hakuvuka mvukuto bila kuitwa. Kithaka alisimama nje, chini ya ukingo wa majani, mpaka nyundo iliponyamaza.

"Wewe ni wa wapi?" Njura aliuliza bila kugeuka.

"Mbeere."

"Mbeere mna asali nzuri na hadithi ndefu. Na leo nina kazi."

"Yangu ni fupi, Mzee. Mtu alikuja na bisibisi iliyovunjika."

Nyundo haikuanza tena. Njura aligeuka, akamwangalia Kithaka kutoka viatuni hadi kichwani.

"Serikali ilikuja Jumatano ikauliza kama nimewatengenezea watu wa msituni bunduki. Haikuuliza habari ya bisibisi."

"Mimi nauliza."

Aliinama kwenye ukuta wa nyuma, akatoa donge la udongo lililokauka kwa moto. Katikati yake palikuwa na alama ya mviringo, ule mkato uliopanuka umetokea kama tuta, na juu ya tuta hilo shimo dogo, mahali kile kipande kilichokatika kilikuwa kimesimama.

Kithaka hakuwa na haja ya kulirudisha kwenye lori. Alikijua kile kichwa cha skrubu kama alivyoijua sura ya mtu aliyeonana naye asubuhi ile.

"Alitaka ncha nene, ya kujaa mkato ulioliwa," Njura alisema. "Nikamtengenezea. Nikamwambia atoe kwanza hicho kipande kwa msumari, kisha aingize hii kwa nyundo, asizungushe mpaka iwe imekaa. Akaniambia nikifika Kibirichia atanipa viazi nishindwe kubeba. Akaondoka anakimbia, mvua imeanza. Aliificha chini ya koti isipate maji kabla haijapoa vizuri."

"Akapanda kwenda barabarani?"

"Njia ni hiyo moja."

"Na bisibisi?"

Njura aliokota kitu kutoka chini ya rundo la makaa, akakiweka juu ya jiwe. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa.

"Jumatano alfajiri niliikuta mlangoni. Siiuzi. Siipi mtu. Sijui nifanye nini nayo."

Kithaka alifungua kitambaa. Mpini ulikuwa wa mbao, wa kiwandani, umechakaa kwa mkono wa mtu mmoja. Ncha ilikuwa mpya, nyeusi bado kwa moto wa Njura. Alikigeuza kitambaa. Kilikuwa cheupe, cha pamba laini, chenye mstari mwekundu, kinanuka mafuta. Kithaka alikuwa na kipande kama hicho mfukoni kwake. Kila aliyepewa bunduki na serikali alipewa kitambaa hicho cha kusafishia mtutu.

"Mzee, kwa nini mtu arudishe chuma kwako? Angekitupa mtoni."

"Wewe kweli ni wa Mbeere?"

"Nataka nikusikie wewe."

"Chuma kilichotoka motoni kwangu, mwenyewe asipokitumia hata mara moja, kikachukuliwa kwa damu," Njura alisema, "hakikai kwenye nyumba ya mtu. Hakitupwi mtoni, mto utarudi nacho. Kinarudi kwa mhunzi. Aliyekirudisha anajua hivyo. Na anajua kwa nini."

Mvua ilianza kugonga majani ya paa. Kithaka alikifunga kile kitambaa kama alivyokikuta.

"Naomba kuibeba, pamoja na hilo donge."

"Ibebe. Lakini ukiimaliza kazi yake, uniambie."

*

Alipanda hadi barabarani kwanza, akazungumza na Billow kwa maneno machache. Kisha akashuka peke yake, akavuka ubao uliolazwa juu ya handaki.

Mkuu wa hom gadi, Muthamia, alikuwa mtu wa makamo mwenye koti refu la jeshi. Alimkaribisha Kithaka ndani, kwenye banda lililoezekwa bati, ambamo walinzi walikuwa wamekaa kuzunguka moto. Bunduki za serikali ziliegemezwa ukutani. Alimpa kibuyu cha viazi vilivyochemshwa.

"Karibu, Koplo. Mvua imekufukuza?"

"Imenifukuza." Kithaka alimenya kiazi. "Viazi vizuri hivi. Mnalima wenyewe?"

"Tumenunua sokoni Chuka."

Pembeni, karibu na kuni, palikuwa na lundo la viazi vibichi, vimefunikwa nusu kwa turubai. Udongo wa Thuci ni mwekundu kama matofali. Udongo uliokuwa kwenye vile viazi ulikuwa mweusi, kama ule wa Kibirichia. Kithaka alikula kiazi chake mpaka kikaisha.

"Jumatatu, dereva wa lori alipita hapa?"

"Hatukumwona. Tumesikia yuko msituni."

"Mlisikia mlio wa bunduki?"

"Hapa husikika kila siku. Hali ya Hatari hii, Koplo. Wewe unatoka mjini."

Walinzi wawili walicheka. Mmoja, kijana mwenye kovu kidevuni, hakucheka. Alikuwa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Kithaka alitoa bisibisi mfukoni. Kile kitambaa alikiacha mfukoni. Aliiweka juu ya boksi la risasi lililotumika kama meza.

"Nimeiokota," alisema. "Nishikieni kidogo, nifunge koti."

Kijana wa kovu aliinuka akatoka nje mvuani. Mlinzi mzee aliyekuwa karibu aliichukua, akaipima mkononi, akaipitisha kwa mwenzake. Mwenzake alijikuna nayo mgongoni, wakacheka tena, akaisogeza kwa Muthamia.

Muthamia hakunyoosha mkono.

"Shika tu," Kithaka alisema.

"Weka chini."

"Ni bisibisi, Mzee Muthamia. Ya gari."

"Weka chini hicho chuma cha Njura!"

Hakuna aliyecheka. Mvua ilipiga bati. Kithaka aliichukua bisibisi kutoka kwa yule mlinzi, akaiweka tena juu ya boksi, taratibu.

"Mpini ni wa kiwandani," alisema. "Nimesema nimeiokota. Nani amekwambia ni ya Njura?"

Muthamia aliangalia bunduki zilizoegemezwa ukutani. Kithaka naye aliziangalia.

"Billow ananingoja barabarani," Kithaka alisema. "Injini ya pikapu inanguruma, unaweza kuisikia mvua ikipungua. Mvua ikiisha sijatoka, ataenda Chuka kwa Inspekta, na atasema niliingia hapa."

Walisikiliza. Injini ilikuwa inanguruma kweli.

Muthamia alikaa juu ya gogo. Koti lake lilionekana kubwa ghafla.

"Alitoka kwenye mvua anakimbia," alisema. "Tulimwambia simama. Akasimama. Akatoa mkono chini ya koti, ana chuma. Mwaka huu wote wanatengeneza bastola za bomba la maji, Koplo, wewe unajua. Mimi ndiye niliyepiga. Usiseme ni yule kijana."

"Alisema kitu?"

"Alikuwa anatuonyesha. Sasa najua alikuwa anatuonyesha. Alisema, ni ya breki."

Mlinzi mzee aliinamisha kichwa.

"Halafu magunia."

"Wenzangu walisema tukisema ukweli tutanyongwa. Tukachukua magunia, tukadondosha viazi njia ya juu. Ingekuwa ameenda msituni, basi. Watu wengi wameenda msituni." Alijifuta uso. "Jumanne usiku mtoto wangu alishikwa na homa. Mama yangu akauliza, ni kitu gani umeleta nyumbani? Nikakirudisha."

"Yeye yuko wapi?"

Muthamia alielekeza kidole mlangoni, kwenye handaki, upande ambao vijiti vilivyochongwa vilikuwa vipya kuliko vingine.

*

Inspekta, aliyeitwa na Billow kutoka Chuka, alifika kabla ya giza. Walinzi waling'oa vijiti, wakachimba, na Mithika akatolewa akiwa amefungwa kwa magunia yake mwenyewe. Inspekta alisimama juu ya handaki, mikono mfukoni.

"Muthamia nafanya kazi yake," alisema. "Mtu nakimbia, nashika chuma. Naweka ripoti. Nampeleka kambi nyingine."

"Na magunia, Bwana?"

"Magunia ni mambo ndogo."

"Na Mithika, Bwana? Jina lake liko kwenye orodha ya watu wa msituni. Kesho asubuhi ndiyo nyumba."

Inspekta alimwangalia. Kithaka alikuwa amesimama mbele ya mlango wa gari lenye redio, na hakusogea. Alikuwa ameshika donge la udongo kwa mkono mmoja na bisibisi kwa mkono mwingine, akaisimamisha ncha juu ya lile tuta la alama. Vililingana bila kupishana.

"Alienda kwa mhunzi, upande wa chini," alisema. "Akatengenezewa ncha ya skrubu ile, na si kitu kingine. Akapigwa risasi uso wake ukiangalia barabara. Mtu anayekwenda msituni, Bwana, hatengenezi ncha ya breki."

Inspekta alishusha pumzi kama mtu aliyechoka na mvua. "Toka mlangoni," alisema. Aliingia, akaita Meru, akasema nyumba ya Kibirichia isiguswe. Kithaka alisubiri mpaka sauti ya upande wa pili iliporudia jina la Mithika na jina la kijiji. Ndipo akaondoka.

*

Ijumaa, pikapu ya Billow ilimpeleka Mithika nyumbani. Watu wa Kibirichia walisimama kando ya barabara bila kusema, kwa sababu mkutano wa watu wengi ulihitaji ruhusa. Paa la nyumba lilikuwa mahali pake. Ufagio bado ulikuwa umeegemezwa mlangoni.

Kathambi hakulia mbele yao. Aligusa gunia pale mguu ulipokuwa, kisha akamvuta Kithaka kando.

"Niambie jambo moja, Afande. Walipompiga, alikuwa anaenda au anarudi?"

"Anarudi."

"Kwenye gari?"

"Kwenye gari. Alikuwa ameshapata kilichomtoa."

Kathambi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. Cicily alikuwa amemshika nguo.

"Basi nilifanya sawa kuacha mlango bila gogo," alisema, akaenda kuwaonyesha watu mahali pa kuchimba, chini ya mstari wa viazi ambavyo Mithika alivipanda mwenyewe.

Jumamosi, baada ya maziko, Kithaka alirudi Thuci. Alikitoa kile kipande kilichokwama kwa msumari, kama Njura alivyoagiza. Aliingiza ncha kwenye mkato, akaigonga kwa nyundo mpaka ikakaa, akaikaza kidogo kwanza, kisha akaifungua. Skrubu ya pili ililia kama bawaba kuukuu, ikakubali. Dramu ilitoka. Ndani yake, springi ya kurudisha kiatu cha breki ilikuwa imekatika vipande viwili, ndiyo maana gurudumu lilipata moto, kama dereva alivyolalamika siku ile akinywa uji.

Aliipeleka bisibisi kwa Njura, akamwambia imemaliza kazi yake. Njura aliipokea, akaitumbukiza motoni.

Billow aliweka springi mpya na kurudisha gurudumu mwenyewe. Madereva wote aliowauliza Majengo na Makutano walikataa kuendesha lori la marehemu. Jumatatu linaondoka Kibirichia na viazi kwenda Embu, na Billow ndiye atakayeliendesha.